Upande Uliofichwa na Mbaazi

Mzee Modesti alipofika Babati, mji ulikuwa umeshaambiwa kwamba ni makao makuu ya mkoa, lakini wenyewe ulikuwa bado haujazoea. Mkoa wa Manyara ulikuwa katika mwaka wake wa pili. Kila wiki maofisa wageni walishuka stendi na mabegi yao wakiulizia nyumba za kupanga, na kila wiki kamba ilivutwa mahali: hapa itapita barabara, hapa ofisi, hapa viwanja vya watumishi. Watu wa Nangara, kando ya mji, waliolala na shamba la pembe nne waliamka nalo likiwa na pembe tatu, kwa sababu barabara mpya haiulizi shamba limelalaje. Inapita.

Kwa mtu kama Modesti hiyo ilikuwa riziki. Alikuwa fundi wa uzio wa seng'enge, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mpole wa kusema, na hakuwa amekaa mahali pamoja zaidi ya miaka mitatu tangu ujana wake. Alizaliwa Haubi, huko Kondoa, akasoma mpaka darasa la nne, kisha akachukuliwa na wapima ardhi kuwa mshika mnyororo. Kazi hiyo watu wengi hawaijui. Mpimaji ndiye anayetazama kwenye darubini na kuandika kitabuni. Mshika mnyororo ni yule anayetangulia kwenye miiba, anasimama anapoambiwa asimame, ananyoosha mnyororo wa chuma ukaze, na ananyamaza. Modesti alinyamaza hivyo Korogwe, Same, Mbulu na Hanang, karibu miaka thelathini. Alipoachishwa kazi aliondoka na vitu viwili: kamba ya katani yenye fundo kila mita, na miguu iliyozoea. Hatua yake moja ilikuwa mita moja. Waliomtilia shaka walimpima kwa futi kamba wakaishia kucheka wenyewe.

Hesabu aliyokuwa nayo aliipata porini. Mpimaji mmoja kijana, wakiwa wamekaa kivulini kusubiri jua lipungue, aliwachorea vibarua wake pembetatu tatu kwenye mchanga kwa ncha ya fimbo. "Hii," akasema, "pande zake zote zinalingana. Ukitaka mzingo wake, yaani urefu wa kuizunguka yote, pima upande mmoja, zidisha kwa tatu, umemaliza. Hii ya pili ni pembetatu pacha. Pande mbili ni pacha, wa tatu ni mgeni. Pima pacha mmoja, mara mbili, jumlisha na mgeni. Hii ya mwisho haina undugu ndani yake. Kila upande una urefu wake. Hiyo usitafute njia ya mkato, itembee yote."

Vibarua wengine walisinzia. Modesti aliyabeba maneno yale maisha yake yote, na katika mji huu mpya wenye vipande vya pembe tatu kila kona, yalimlisha.

Mama Noela alimwita mwezi wa sita. Jina lake la ubatizo ni Rosalia, mjane wa Yoakimu, mkulima wa Nangara aliyefariki Septemba ya mwaka uliotangulia. Barabara mpya ilikuwa imekata shamba lao kwa mshazari, na kilichobaki kilikuwa pembetatu: upande mmoja barabara, upande wa pili mpaka na jirani yake Ombeni, na upande wa tatu ukingo wa korongo. Kaburi la Yoakimu lilikuwa kwenye kona kali kabisa, pale barabara na korongo vinapokutana. Kabla ya barabara, pale palikuwa ndani ya shamba, kando ya korongo, mahali pa utulivu. Sasa ng'ombe walioshuka korongoni kunywa maji walipanda kupitia pale pale. Walikuwa wameshavunja msalaba mara mbili.

"Padri atakuja kusoma misa ya mwaka," Mama Noela alimwambia, "na ndugu zake wote watakuja. Nataka siku hiyo awe ndani ya uzio. Sikuombi kitu kingine, mzee wangu. Mume wangu asilale nje kama mtu asiye na kwake."

"Atakuwa ndani, mama."

"Waya ni mchango wa jumuiya. Wamesema ni mara moja tu. Baba mmoja mwenye lori ndiye atakayeuleta kutoka Arusha. Kwa hiyo uniambie kamili, usinipunguzie."

Modesti akaanza kupima. Alitoka kona ya kaburi akafuata barabara: mita themanini na nne. Akakunja kwenye kona ya mbele akafuata mpaka wa Ombeni mpaka korongoni: mita sitini. Ukabaki ukingo wa korongo, na hapo ndipo mguu wake uliposita.

Mahindi yalikuwa yamekauka yakisubiri kuvunwa, lakini katikati yake, kama kawaida ya mashamba ya Babati, palikuwa na mbaazi, ndefu kupita mtu, na upande ule wa korongo zilisongamana mpaka kwenye ukingo wenyewe. Zilikuwa na maua. Mtu wa huku hapiti kwenye mbaazi za mwenzake zikiwa na maua. Ukizigusa maua yanadondoka, na kila ua lililodondoka ni punje zisizofika kwenye chungu. Tena ni mbaazi za mjane. Modesti alisimama kwenye kona ya korongo, akanyoosha shingo, akaona kwa mbali ncha ya msalaba ikichungulia juu ya majani. Akageuka akatazama mpaka wa Ombeni. Akapima kwa jicho upande huu na ule.

"Hizi ni pacha," akajisemea.

Akampa Mama Noela hesabu. Sitini na sitini na themanini na nne ni mia mbili na nne. Ongeza mita moja ya kufungia, mia mbili na tano. Nyaya tatu, moja juu ya nyingine, kwa hiyo vipande vitatu vya urefu huo. Nguzo kila baada ya mita tatu, kwa hiyo nguzo sitini na nane. Mama Noela aliandikisha kwa mwenyekiti wa jumuiya, na mwezi wa nane waya ukaja, vipande vitatu vilivyokatwa dukani vilevile alivyosema, vikiwa vimezungushwa kama mataji makubwa ya miiba.

Mbaazi zilivunwa Septemba. Miti yake ikakatwa kwa ajili ya kuni, shamba likabaki jeupe. Misa ilikuwa Jumapili. Jumatatu ya wiki hiyo Mama Noela alipanda gari kwenda Dareda kuwakumbusha ndugu wa marehemu, akaacha ufunguo wa stoo kwa Modesti, akasema atarudi Ijumaa.

Modesti alianza na nguzo. Ya kwanza aliichimbia kwenye kona ya kaburi, kwa heshima. Akafuata barabara, akakunja kwa Ombeni, akafika korongoni, na Jumatano baada ya saa sita akawa anarudi kufuata ukingo kuelekea alikoanzia. Kila nguzo aliyoisimamisha aliigonga kwa kiganja kama mtu anayemsalimia mwenzake. Alipoishindilia udongo nguzo ya sitini na nane akanyoosha mgongo, akatazama mbele kuitafuta ya kwanza. Ilitakiwa iwe hatua tatu kutoka aliposimama.

Akazitembea. Tatu. Saba. Kumi na mbili. Alipofika kwenye nguzo ya kaburi alikuwa amehesabu ishirini na moja.

Alirudi akahesabu tena, safari hii kwa kamba, fundo kwa fundo, kuanzia kona ya korongo hadi kaburini. Mita sabini na nane. Pale ambapo miezi mitatu iliyopita aliona pacha, hapakuwa na undugu wowote.

Akaketi kwenye ukingo. Themanini na nne, sitini, sabini na nane. Mia mbili ishirini na mbili. Waya stoo ulikuwa wa mia mbili na tano. Nguzo si kitu, mikaratusi ipo, mtu anakata. Waya ndio haukuwepo, na wala haungekuja mwingine.

Ombeni alimkuta hapo. Huyu Ombeni, Baba Brayan, alitoka Same akiwa kijana, akauza vipuri stendi mpaka akajenga. Alikuwa mtu wa maneno mengi, tena alifuga mbuzi wanne wa maziwa aliowapenda kupita kiasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Baba Brayan."

"Naona umekaa. Nguzo zimekwisha au nguvu zimekwisha?"

"Nguzo."

"Si ulisema sitini na nane?"

"Nilisema."

Ombeni akatazama ile nafasi tupu, akatazama kaburi, akaelewa, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. "Mzee wa vipimo! Umepima nchi nzima wewe, unakuja kuangushwa na kipande cha Mama Noela?"

Modesti akapukuta udongo viganjani. Ombeni, ambaye moyoni hakuwa mtu mbaya, akachuchumaa karibu naye.

"Sasa usikae hivyo, mzee. Dawa yake ndogo. Hii kona ni ndefu bure, imechongoka kama mdomo wa ndege. Ikate. Rudi nyuma upande wa barabara, rudi nyuma upande huu, vuta mstari katikati. Shamba limefungwa, waya umetosha, kazi imekwisha."

"Na kaburi?"

"Kaburi haliendi popote. Zinazoliwa ni mbaazi. Kaburi utalizungushia vijiti, utapaka chokaa mawe yake, litapendeza. Mama mwenyewe hayupo, akirudi atakuta limeshakuwa. Nani atapima?"

Aliposema hayo akaenda zake kuita mbuzi. Nani atapima. Modesti alijua kwamba ni kweli, hakuna. Akainuka, na mikono ikafanya kama inavyofanya mikono ya fundi, kabla mwenyewe hajakubali. Akahesabu kutoka nguzo ya kaburi hatua kumi na nne na ushee kurudi nyuma barabarani, akachomeka kijiti. Akahesabu vilevile upande wa korongo, akachomeka kingine. Akanyoosha kamba kati ya vijiti: mita kumi na nusu. Alipojumlisha mzingo mpya, akapata mia mbili na nne. Waya ungetosha kama umekatwa kwa ajili ya mstari huo. Na kile kipembe kilichobaki nje na kaburi ndani yake, pande zake mbili zilikuwa kumi na nne kwa kumi na nne. Hiyo ndiyo ilikuwa pacha ya kweli.

Akachukua sururu akachimba shimo la kwanza kwenye kijiti cha barabarani. Udongo ulikuwa mkavu, ulimgomea. La pili, upande wa korongo, lilipofika kina cha mkono akasimama kupumua, na macho yake yakaangukia kaburini. Kutoka pale alipokuwa, ng'ambo ya kamba, lile tuta la udongo na mawe yake na msalaba uliofungwa kwa waya wa kuokota lilionekana kama mtu aliyetolewa nyumbani akaambiwa asubiri.

Modesti alikuwa na mke. Hakuwa akimtaja. Aliitwa Romana, na alimzika Korogwe mwaka wa sabini na nane, kwenye makaburi ya kambi pembeni mwa shamba la mkonge. Makaburi yale hayakuwa na uzio. Wiki mbili baadaye kazi ilimhamisha. Aliporudi baada ya miaka sita, mistari ya mkonge ilikuwa imenyooka mpaka pale na kupita pale. Akatembea kati ya mistari tangu asubuhi. Alikumbuka vizuri ni hatua ngapi kutoka kwenye tangi la maji, na hatua zake hazikuwahi kumdanganya. Lakini tangi lenyewe lilikuwa limeondolewa. Alasiri akachagua mmea mmoja, akasali mbele yake, akaondoka.

Alifukia shimo la pili. Akaenda akafukia la kwanza, akalikanyaga likawa sawa na ardhi. Kisha akang'oa vijiti, akakunja kamba.

Alhamisi aliamkia shambani bila kazi ya kufanya. Aliokota vijiti vya mbaazi vilivyobaki, akavipanga chini: kirefu kwa barabara, kinachokifuatia kwa korongo, kifupi kwa mpaka wa Ombeni. Akarudia juu ya kila kimoja vijiti vingine viwili, kwa kuwa nyaya ni tatu. Vijiti tisa. Akavitazama muda mrefu. Maisha yake yote alikuwa ameuchukua mzingo kama kitu kimoja; ukishaupata unauzidisha kwa idadi ya nyaya, basi. Mia mbili ishirini na mbili mara tatu ni mia sita sitini na sita. Waya wote stoo, vipande vitatu pamoja, ulikuwa mia sita kumi na tano. Pungufu ni hamsini na moja.

Akatoa kijiti kimoja kifupi.

Kile kijiti kilikuwa mita sitini. Ukipunguza sitini kutoka mia sita sitini na sita unabaki na mia sita na sita. Waya unatosha, na zinasalia mita tisa za kufungia. Barabarani nyaya tatu. Korongoni nyaya tatu, kona yote, na kaburi ndani. Upande wa Ombeni nyaya mbili.

Aliirudia hesabu ile mara nne akitafuta mahali inapomdanganya. Haikumdanganya. Lakini nyaya mbili ni mlango kwa mbuzi, na upande ule ndiko waliko mbuzi wanne wa Baba Brayan. Mwaka uliopita walikula maharage ya Mama Noela yote ya kando, yeye na Ombeni wakatupiana maneno makali, na tangu hapo walisalimiana kwa sababu tu salamu ni lazima.

Akaenda kukata nguzo sita za mkaratusi, akazichimbia kwenye nafasi iliyobaki. Waya hakuugusa.

Ijumaa mchana Mama Noela alirudi, kikapu kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Modesti alimpokea kikapu, akamwacha anywe maji, akamwacha anywe tena.

"Shikamoo, mzee. Mbona naona nguzo tupu? Waya umeibwa?"

"Marahaba. Waya upo. Nimekukosea, Mama Noela."

Akamweleza pale pale, amesimama, kofia mkononi. Hakuruka kitu. Alimwambia kwamba upande wa korongo hakuupima, aliukadiria. Alimwambia aliona pande mbili pacha na hazikuwa pacha, na waya umepungua mita kumi na saba kwa kila mzunguko. Alimwambia pia kuhusu yale mashimo mawili ya Jumatano, ambayo hakuna mtu angeyajua.

Mama Noela alikaa kwenye kigoda. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukupita ukapima?"

"Mbaazi zilikuwa na maua."

"Zilikuwa na maua," akarudia.

"Nilijua nikipita yatadondoka."

"Yangedondoka, ndiyo. Ningekosa mbaazi sahani mbili, ningekusema siku moja, ikaisha." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nimetoka kuwaambia ndugu zake wote, mzee Modesti. Dada yake mkubwa, ambaye hajawahi kunikubali, nimemwambia uje uone, ndugu yako yuko ndani. Sasa nimwambie nini? Mbaazi zilikuwa na maua?"

"Atakuwa ndani. Hesabu ipo. Lakini inapita kwa jirani yako."

Akachukua vijiti tisa, akavipanga mbele ya miguu yake, akatoa kimoja. Mama Noela hakuwa mtu wa hesabu, ila alielewa upesi kuliko yeye alivyoelewa, kwa sababu aliukodolea macho ule mwanya ulioachwa na kijiti, akasema, "Mbuzi."

"Mbuzi."

"Unataka mimi niende kumwomba Ombeni."

"Nitakwenda mimi. Kosa ni langu."

"Shamba ni langu," Mama Noela akasema, akainuka.

Wakaenda wote wawili. Ombeni alikuwa uani anakamua, ndoo kati ya magoti. Aliwaona, akaona nyuso zao, akaacha utani uliokuwa umeshamfika mdomoni. Mama Noela akasalimia, akaulizia watoto, akaulizia biashara, kisha akamgeukia Modesti.

"Baba Brayan," mzee akasema, "nimekuja kuomba kitu kwa ajili ya kosa langu. Kona siikati. Nitauondoa waya mmoja kwenye mpaka wenu ili utoshe kule kaburini. Upande wako utakuwa na nyaya mbili tu. Kwa hiyo mbuzi wako itabidi wafungwe."

"Wafungwe lini?"

"Siku zote. Mpaka mama apate waya mwingine."

"Mzee, hawa ni mbuzi, sio baiskeli. Ukimfunga inabidi umkatie majani. Asubuhi na jioni. Nani akate? Mimi niko dukani, mke wangu yuko sokoni."

"Najua."

"Na nilishakupa njia rahisi. Ulikataa."

"Nilianza kuifuata," Modesti akasema. "Nilichimba mashimo mawili. Nikashindwa."

Ombeni akamtazama Mama Noela, akitegemea maneno ya mwaka jana. Mama Noela hakuyatoa. Alisema tu, "Sina la kukulazimisha, jirani. Ukikataa, Jumapili padri atasimama nje ya uzio wangu kumwombea mume wangu. Nitampelekea kiti huko huko."

Mbuzi akapiga teke, Ombeni akaishika ndoo isimwagike. Akakamua kidogo, akaacha tena. Yoakimu alimjua. Alipofika Nangara mara ya kwanza hana hata jembe, Yoakimu ndiye aliyemkopesha la kuchimbia msingi. Hakulisema hilo. Alisema, "Hii miguu yangu ya dukani haijui kufyeka majani."

"Majani ya asubuhi nitakata mimi," akasema Modesti.

"Wewe? Umri huo?"

"Kosa ni langu. Asubuhi nitakata mimi, muda wote nitakaokuwa hapa Babati. Jioni tafuta mtu."

Ombeni akatikisa kichwa taratibu. "Basi vuta waya wako, mzee. Ila uwafundishe na hawa mbuzi hesabu, wajue kwamba mbili ni sawa na tatu."

Mama Noela alicheka kidogo, pumzi tu puani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye gari.

Jumamosi walivuta waya toka alfajiri. Ombeni alifunga duka akaja na koleo lake la dukani, na alipofika kwenye mpaka wake mwenyewe ndiye aliyepigilia zile nyaya mbili, tena akazikaza kuliko pande nyingine. Saa kumi na moja jioni Modesti alifunga fundo la mwisho kwenye nguzo ya kaburi. Haukupita muda ng'ombe wakaanza kupanda kutoka korongoni kwa njia yao ya siku zote. Aliyetangulia alifika kwenye uzio, akanusa waya, akasimama. Wenzake wakamsukuma kwa nyuma, akapiga kwato mara moja, kisha akageuza kichwa akafuata ukingo, na wote wakamfuata wakipita kwa nje mmoja mmoja. Mama Noela aliwatazama hadi wa mwisho. Akaingia ndani kuchagua mchele wa kesho.

Misa ilisomwa. Dada mkubwa wa marehemu alizunguka uzio wote akiwa na bakora yake, akafika upande wa Ombeni, akasimama, akauliza mbona hapa ni mbili. Mama Noela akamwambia hapo kuna jirani. Yule mama akaguna, akaendelea kutembea.

Modesti alikata majani ya mbuzi wale kila asubuhi kwa miaka miwili na miezi kadhaa, mpaka Mama Noela alipouza mbaazi nzuri mwaka mmoja akanunua waya wa tatu. Watu wa Nangara walimpa jina, wakamwita Mzee Pacha, na watoto wa shule waliokuwa wakijifunza mzingo walimpigia kelele njiani, "Babu, hii ni pacha?" wakimwonyesha chochote, paa la nyumba, kipande cha andazi. Aliitika. Kazi hazikumwishia, maana mji uliendelea kukatwa vipande kuelekea Bonga na Sigino. Ila alikuwa na utaratibu mmoja ambao wengi waliuona wa ajabu kwa mtu anayetafuta kula. Kabla ya kukubali kazi ya mtu, alikaa naye chini akamsimulia alivyokosea kwa Mama Noela, tangu mbaazi zenye maua mpaka mashimo mawili. Wengine walimsikiliza, wakashukuru, wakaenda kutafuta fundi mwingine. Waliobaki aliwapimia kila upande, hata pale pande zote nne zilipokuwa sawa na kila mtu akiona.